Jina la ndege kwenye daftari lako

Kama unaanza kuweka daftari la ndege hapa Uganda, nchi yenye spishi zaidi ya 1,000, usiridhike na jina la Kiingereza peke yake. Andika la kisayansi, kisha orodha ya majina ya ndege ulikolitoa na mwaka wake. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege, na nimeshawaona wawili wakibishana juu ya ndege yuleyule kwa sababu tu kila mmoja amebeba orodha yake.

Chukua yangeyange anayefuata ng'ombe wa Ankole. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeanzisha majina ya kisayansi ya maneno mawili, alimwita Ardea ibis. Baadaye akahamishiwa jenasi (kundi la spishi za karibu, neno la kwanza la jina) ya Bubulcus, na vitabu vingi tunavyotumia porini bado vinamwita hivyo. Mwaka 2023 orodha ya Clements, ambayo eBird, tovuti ya kurekodi ndege, inaifuata, ilimtenga na mwenzake wa Asia wakawa spishi mbili. Siku hizi amerudishwa Ardea. Kwa hiyo mahali ulipomwona ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: aliyeandika "Mbarara" hasumbuki spishi inapogawanywa, kwa maana wa kwetu ni wa Afrika. Andika na sauti yake ukiweza, kwani wataalamu hupima sauti, manyoya na DNA kabla ya kugawa.

Jifunze pia kusoma mabano. Korongo taji wa kwenye bendera yetu huandikwa Balearica regulorum (Bennett, 1834). Bennett ndiye aliyempa jina mwaka huo, na mabano yanakuambia kwamba alimweka kwanza katika jenasi nyingine. Korongo-nyangumi wa kinamasi cha Mabamba ni Balaeniceps rex Gould, 1850, bila mabano, maana jenasi yake haijaguswa. Kilichohama ni oda, yaani kundi kubwa zaidi: zamani alihesabiwa pamoja na makorongo, sasa yuko upande wa wari. Mimi hufurahi kumweleza mgeni hayo tukiwa mtumbwini, ndege mwenyewe amesimama mbele yetu.

Juni 2025 ilitoka AviList, orodha ya ndege wa dunia nzima iliyoandaliwa kwa pamoja na wataalamu wa orodha kubwa zilizokuwa zikitofautiana. Toleo hilo la kwanza lina spishi 11,131. Anayeanza leo namshauri aanze na hiyo. Mwenye daftari la zamani asifute kitu. Jina jipya aliandike chini ya la zamani, na tarehe ya kubadilisha.