Mleta uzi, usilipie darasa hilo kwanza

Usilipe. Umeuliza kuhusu mkeka, mgongo na usingizi, lakini mimi nimekwama pale ulipoandika kwamba mwalimu amekuhakikishia darasa la kasi la vinyasa, ile yoga ya kuunganisha mikao mfululizo, linamfaa hata anayeanza, ufuate tu wenzako na "pumzi itakuja yenyewe". Haiji, mkuu. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini, na bega langu la kulia likaumia.

Vinyasa bila pumzi si vinyasa. Mtindo huu umetokana na mafundisho ya mwalimu wa yoga Krishnamacharya kule Mysore, India, na ya mwanafunzi wake Pattabhi Jois, na msingi wake ni kwamba kila mwendo una pumzi yake. Ukiinua mikono au kufungua kifua, unavuta, ukiinama, unatoa. Pumzi inatangulia, mwili unafuata. Mwalimu akikimbia kuliko mapafu yako, hapo hakuna tena anachokufundisha.

Sasa sikia yaliyonipata. Karibu kila mzunguko wa mikao una chaturanga: umejinyoosha kama ubao, umesimamia viganja na vidole vya miguu, unatoa pumzi huku ukikunja viwiko na kushuka, kisha unavuta na kunyanyua kifua. Kwenye darasa la kasi unairudia mpaka hesabu inapotea. Ukienda polepole, ile pumzi ndefu inayotoka ndiyo inayoushika mshuko: tumbo linakaza, viwiko vinabana mbavu, mabega hayapiti usawa wa viwiko. Mimi nilikuwa nimebana pumzi, shingo imekaza, nawahi wenzangu. Misuli ilipochoka mabega yakawa yanatumbukia chini ya viwiko, na uzito wote unaangukia mbele ya bega, kwenye kano. Mwalimu akapita pembeni yangu, akaona yote, akasema, "Safi, endelea!" Safi gani, wakati mtu mishipa ya shingo imemtoka na hapumui? Nilipomwambia bega linachoma, akanijibu kwamba huo ni udhaifu unaotoka mwilini. Bado nina hasira naye. Kiungo kinachochoma kinaonya, na anayechukua pesa za watu ili awafundishe anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Kano zikavimba. Kwa miezi kadhaa sikuweza kuvaa shati bila kutanguliza mkono wa kulia, na usiku nikijigeuza upande ule naamka kwa maumivu.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakunikataza yoga. Alinirudisha kwenye chaturanga ya magoti chini, nashuka nusu tu, na kunipa sharti ambalo sasa namwambia kila mtu: pumzi ikikatika, acha mwendo. Hata kama darasa zima linaendelea. Weka magoti chini, kaa mkao wa mtoto, yaani makalio juu ya visigino, paji la uso mkekani, pumua kwa pua mpaka itulie, halafu jiunge na wenzako popote walipofika. Ukijikuta unahema kwa mdomo au umebana pumzi, mpaka wako wa siku hiyo ni hapo.

Na faida unazozitafuta zinapita humo humo. Moyo huenda haraka kidogo unapovuta pumzi na hupunguza mwendo unapotoa, kwa hiyo ukirefusha kutoa, mwili unapata nafasi ya kutulia. Ndiyo maana anayefanya vinyasa vizuri hutoka kichwa kimepoa ingawa amelowa jasho, na taratibu anapata nguvu, wepesi wa viungo na uwezo wa kusimama mguu mmoja bila kuyumba. Ukikimbizana na darasa utaishia na jasho tu.

Mpigie huyo mwalimu leo, muulize: nikikosa pumzi katikati ya mzunguko, nifanye nini? Akikuambia uweke magoti, upumzike, urudi ukiwa tayari, nenda kalipe. Akikuambia ujikaze, tafuta darasa la polepole la wanaoanza, hata kama litakubidi usubiri nafasi.