Tunatengeneza magitaa au tunaunda magitaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na ndugu yangu tuna kibanda cha ufundi hapa Kirumba, Mwanza. Tunatoa gitaa la umeme kuanzia ubao mtupu mpaka rangi ya mwisho. Nje tumeandika: "Tunatengeneza gitaa za umeme na kupiga rangi." Lakini watu wanatuletea gitaa mbovu tuwarekebishie, wengine wanaleta redio na spika, na kuna aliyekuja na pikipiki apigiwe rangi. Anayetaka gitaa jipya anapita tu. Je, Kiswahili chetu kina kosa? Na ile pikapu ya gitaa, kifaa kinachokaa chini ya nyuzi, tuiiteje, maana ukiitaja watu wanafikiria gari?

JIBU: Marahaba. Hamjakosea Kiswahili, na wateja wenu nao hawajakosea kusoma. Kitenzi mlichokiweka kwenye kibao kinabeba kazi mbili, na kila mpita njia anachukua ile aliyoizoea.

Tengeneza imetokana na tengenea, kitenzi ambacho siku hizi hakisikiki sana, chenye maana ya kukaa sawa, kuwa katika hali nzuri. Jamaa yake bado tunamsikia kwenye taarifa za habari: hali ya mgonjwa imetengemaa, au kama wengine wanavyotamka, imetengamaa. Kwa hiyo tangu asili kutengeneza ni kukifanya kitu kikae sawa. Dada anayetengeneza nywele saluni haumbi nywele mpya wala hazibi zilizotoboka. Anaziweka sawa, basi. Kutokana na shina hilo moja yamechipuka matawi mawili. Kitu ambacho hakikuwepo kikitolewa na kusimama, kimetengenezwa. Kitu kilichoharibika kikirudishwa katika hali yake, nacho kimetengenezwa. Matumizi yote mawili ni Kiswahili sanifu, na asiwadanganye mtu kwamba moja ni la mtaani.

Sasa, maana ipi itashinda? Hilo linaamuliwa na kile msikilizaji anachokijua kuhusu kitu chenyewe. Ukimwambia mtu "yule anatengeneza vitanda", anaelewa vitanda vipya, kwa sababu anajua vitanda vinatoka kwa seremala. Ukimwambia "yule anatengeneza saa", anaelewa saa zilizosimama, kwa kuwa hajawahi kuona saa ikizaliwa mtaani kwake. Hata neno fundi linafuata njia hiyo hiyo. Fundi saa, fundi redio na fundi simu tunawapelekea kilichoharibika. Fundi cherehani tunampelekea kitambaa atutolee gauni. Gitaa la umeme, kwa watu wengi wa Mwanza na kwingineko nchini, ni kitu kinachotoka dukani. Ndiyo maana kibao chenu kinasomwa kama cha fundi redio. Kugeuza mnyambuliko hakutawaokoa: "nitengenezee gitaa" inaweza kuwa agizo la jipya au ombi la kufufua la zamani, na "gitaa hili limetengenezwa Kirumba" inaweza kuwa sifa ya ufundi wenu au habari kwamba lilikuwa limekufa.

Kitenzi mnachokihitaji ni kuunda. Hiki hakina upande wa kurekebisha hata kidogo. Hakuna anayeunda gitaa lililoharibika. Na kina sifa nyingine inayowafaa sana: kwa asili ni kitenzi cha watu wa mbao, hasa waundaji wa vyombo vya majini. Jahazi huundwa. Kutoka humo tumepata muundo, kiunzi, miundombinu, na hata maunzi, yaani vile vifaa vya kompyuta vinavyoshikika kwa mkono. Magazeti yamekipeleka kitenzi hiki kwenye tume, kamati na serikali mpaka vijana wengi wanakiona cha ofisini. Naomba mafundi mkirudishe kwenye karakana, kwa sababu ni chenu.

Hapo ziwani mna mfano mzuri kuliko wowote ninaoweza kuutoa. Mtumbwi wa gogo moja huchongwa: fundi anaondoa mbao isiyotakiwa mpaka umbo libaki. Mtumbwi wa mbao nyingi huundwa: vipande vinapimwa, vinapindwa, vinapigiliwa na kuzibwa mpaka viwe chombo kimoja. Gitaa lenu lina kazi zote mbili. Mwili na shingo mnazichonga. Gitaa zima, pamoja na vifunguo vya kukazia nyuzi, daraja linalobeba nyuzi mwilini, swichi na waya zake, mnaliunda. Mkisema "tunachonga magitaa" hamjasema uongo, ila mteja anaweza kudhani mnauza vinyago. Na yule anayeagiza mwili na shingo vilivyokwisha kukatwa, akaja kuvifunga kwa skrubu na kuunga waya, huyo anaunganisha gitaa. Si aibu, gitaa la umeme la muundaji Leo Fender, lililoingia sokoni Marekani mwaka 1950, lilipangwa hivyo tangu kiwandani, shingo yake ikifungwa mwilini kwa skrubu. Lakini tofauti ya kuunda na kuunganisha ni tofauti ya kazi na ya bei, na mteja ana haki ya kuisikia kabla hajalipa.

Niwape mfano wa gitaa la nyumbani linalojulikana duniani kote. Brian May, mpiga gitaa wa kundi la muziki la Queen, lile lile la Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alianza kazi ya gitaa lake mwaka 1963 huko Uingereza akiwa na baba yake. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya meko kuukuu. Springi za vali za pikipiki zikatumika kwenye kifaa cha kutikisia sauti ya nyuzi. Alama za shingoni zikatoka kwenye vifungo vya gamba la chaza vya mama yake. Ukisema "Brian May na baba yake walitengeneza gitaa", msikilizaji ana haki ya kuuliza lilikuwa limeharibika nini. Ukisema waliliunda, swali hilo halizuki.

Kwa kazi ile nyingine tumieni karabati au rekebisha. Karabati ni nzito kidogo, inafaa gitaa lililovunjika shingo. Rekebisha inatosha kwa nyuzi zinazogusa freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopandwa kukatisha shingo.

Nije kwenye rangi. Kupaka rangi na kupiga rangi yote ni mazuri. Kupaka kunabeba picha ya kitu kinachogusana na kingine na kuacha tabaka, ndiyo maana tunapaka mafuta, tunapaka hina, tunapaka chokaa ukutani. Piga ni kitenzi chetu cha kazi inayofanywa kwa chombo: piga pasi, piga randa, piga msasa, piga simu. Gereji zimekizoea kupiga rangi kwa sababu ya bunduki ya rangi na kompresa, na ndiyo sababu mtu wa pikipiki alijiona yuko mahali pake. Kwenye gitaa, hata hivyo, piga kina mwenyewe tayari. Kupiga gitaa ni kulicharaza, kutoa muziki. Semeni "kupiga rangi gitaa" haraka haraka sokoni na nusu ya watu watasikia gitaa linapigwa. Kwa hiyo nawashauri kupuliza rangi pale mnapotumia kompresa, na kupaka pale mnapotumia brashi au kitambaa. Maneno haya mawili yanamwambia mteja hata aina ya umaliziaji atakaopata, na yanawasaidia nyinyi wenyewe kueleza kwa nini hampulizi vanishi siku ya mvua: hewa ikiwa na unyevu mwingi, baadhi ya vanishi hufanya ukungu mweupe juu ya rangi, na hapo kando ya ziwa unyevu mnaujua.

Kuhusu "gitaa za umeme": katika Kiswahili sanifu gitaa limo katika ngeli ya LI-YA, gitaa langu, magitaa yangu. Bara tunasema gitaa yangu, gitaa zangu, na kwenye mazungumzo sioni haja ya kumkatiza mtu. Kibao ni jambo la kudumu, kiandikwe magitaa. Pendekezo langu ni hili: "Tunaunda magitaa mapya ya umeme kwa oda. Tunapuliza rangi magitaa. Ukarabati wa magitaa pia upo." Neno mapya lisiachwe, maana ndilo litakalowashika wale wanaopita.

Pikapu ni swali zuri zaidi kuliko mlivyodhani. Neno limeshaingia na mafundi wanaelewana kwalo, ila gari lilitangulia kulichukua. Tukitazama kazi ya kifaa chenyewe, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, uga wa sumaku unavurugika na umeme mdogo unazaliwa ndani ya ule waya, kisha unakwenda kwenye amplifaya. Kinanasa mtetemo. Kwa kuwa tayari tuna kinasa sauti, mimi ningekiita kinasa mtetemo, na kwa kifupi kinasa: kinasa cha shingoni, kinasa cha darajani, gitaa lenye vinasa viwili. Ni pendekezo langu tu. Mkiona mteja anashangaa, semeni "pikapu ya gitaa" bila kuacha hayo maneno mawili ya mwisho.

Maelezo hayo yanagusa jambo ambalo hamkuuliza, nalo nalisikia kila mara kwa wapiga magitaa: kuziita nyuzi waya. Kwenye gitaa kavu, lisilo na umeme, haikuwa na madhara. Kwenye la umeme kuna waya wa shaba ndani ya kinasa, kuna waya za kuunganisha swichi, kuna waya mrefu wa kwenda kwenye amplifaya, na zote zinaweza kukatika. Mteja akipiga simu kutoka Sengerema kusema "waya umekatika", hamjui mumwambie aje na pesa ya uzi mmoja au ya kinasa kizima. Kinachocharazwa ni uzi, zikiwa nyingi ni nyuzi, na hakuna "nyuzi moja". Mfundisheni kusema "uzi wa kwanza umekatika" au "waya wa ndani umekatika", nanyi mtampa bei sahihi kabla hajaanza safari.