Steji ya kwanza, mbona mwenzangu hakutolewa kizazi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 32 na mtoto mmoja, nimekutwa na kansa ya shingo ya kizazi steji ya kwanza, kwenye karatasi wameandika IB1, nimeambiwa kizazi kitolewe. Sasa rafiki yangu naye aliambiwa steji ya kwanza hiyo hiyo, akakatwa kinyama kidogo tu na saa hizi ana mimba. Mbona mimi natolewa kila kitu? Na nikiomba ile operesheni ya matundu madogo si ndo nitapona haraka?

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Steji ya kwanza ina ngazi zake, na watu wengi wanaishia kuambiwa "ya kwanza" bila herufi wala namba, ndo mnaanza kujilinganisha. IA1 imezama milimita 3 au chini, IA2 inafika hadi 5, na hizo hata kwa macho huzioni, ni za darubini. Inawezekana rafiki yako alikuwa IA1, hapo kama seli hazijaingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu na kingo za kinyama zimetoka safi, inatosha. Yako imezidi milimita 5 kwenda chini ila uvimbe haujapita sentimita 2. IB2 inaishia sentimita 4, ikizidi hapo kwa kawaida ni mionzi pamoja na kemo.

Sasa hiyo sentimita 2 ni bahati yako. Kama bado unataka mtoto sema MAPEMA, kabla hujasaini, kwa sababu kuna operesheni ya kutoa shingo peke yake na mji wa mimba unabaki, wanaupiga uzi kwa chini na tezi za nyonga zinapimwa, ila ukija kubeba mimba utajifungua kwa kisu na hatari ya mtoto kuja njiti ipo. Sio kila hospitali wanaifanya, omba rufaa.

Kama watoto basi, uliza kama kutoa kizazi kwa kawaida kunakutosha, maana utafiti wa 2024 ulionyesha kwa uvimbe mdogo usiozama sana kansa hairudi zaidi kuliko kwa ile operesheni kubwa, ya kutoa kizazi pamoja na nyama za pembeni yake na sehemu ya juu ya uke, na kibofu hakisumbui sana kama kwenye hiyo kubwa. Ovari kwa umri wako mara nyingi zinaachwa, kwa hiyo hedhi itakata ila homoni zinabaki.

Matundu madogo hapana, hasa kwa ile operesheni kubwa. Utafiti wa 2018 ulikuta baada ya miaka 4 na nusu waliofunguliwa tumbo asilimia 96.5 walikuwa hai bila kansa kurudi, wa matundu 86. Kidonda kikubwa kitapona tu.