Video zako zinaibiwa mtandaoni? Fanya hivi, hayo mengine achana nayo

Niseme mapema tusipotezeane muda, hakuna namna ya kuzuia kabisa video isikopiwe. Mtu akishaiona kwenye simu yake anaweza kuichukua, ukifunga kudownload atarekodi skrini, ukifunga na hiyo atachukua simu ya pili aielekeze kwenye skrini ya kwanza. Kwa hiyo wale wanaokuuzia ulinzi wa asilimia 100 wanakuuzia hewa. Kinachowezekana ni mwizi apate tabu, alichoiba kisimfae sana, na wewe uwe na cha kuonyesha ukienda kudai.

Mimi natengeneza video za mafunzo na kuna page moja ilikuwa inabeba kila nikiposti. Nembo yangu ilikaa juu kulia, ndogo, safi, imependeza. Wao wakakuza picha kidogo tu nembo ikabaki nje, wakaigeuza ya kushoto ikawa kulia, wakapachika muziki wao juu ya sauti yangu, basi imekuwa yao. Kilichowaumbua ni maandishi ya kwenye fulana yangu, yalikuwa yanasomeka kinyumenyume video nzima 😂

Tangu hapo nembo ya pembeni naiona pambo tu. Naiweka ile iliyofifia, inapita karibu na mikono yangu pale ninapoonyesha kitu, halafu inahamahama, maana ukitaka kuikata hapo lazima ukate na somo lenyewe. Na jina la chaneli nalitaja katikati ya maelezo, nikiwa naendelea kufanya kazi, sio mwanzoni kwenye salamu kwa sababu salamu ndio kitu cha kwanza kukatwa.

Kingine usifute mafaili ghafi jamani, najua yanajaza memori. Yale uliyorekodi na kamera kabla hujaedit, pamoja na faili la project. Mwizi ana video iliyokamilika tu, hana zile sekunde unakohoa au unauliza kama kamera imewaka, na hakuna ushahidi mwingine unaomaliza ubishi kama hizo. Kuhusu haki, kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne (mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, wa tangu 1886 huo) kazi inakuwa yako pale tu unapoitengeneza, huhitaji kuandikisha popote ndio iwe yako. Kuandikisha kunakuja ukitaka kwenda mahakamani, Marekani kwa mfano kazi ya kwao inabidi iandikishwe kwanza ndio kesi ifunguliwe.

YouTube sasa. Ile Content ID waliyoanza nayo 2007, mfumo unaotambua wenyewe video au sauti iliyokopiwa, wanapewa wenye kazi nyingi za hakimiliki, makampuni ya muziki na filamu huko, usiisubirie. Sisi wengine kuna kile kifaa kinachoitwa Copyright Match Tool, kinatafuta video iliyopandishwa upya nzima au karibu nzima, vipande vifupi vinakipita. Na kinaangalia nani alitangulia kupandisha pale YouTube, yani ukianza kurusha sehemu nyingine halafu YouTube unakuja wiki ijayo, mwizi anaweza kuwa ameshakutangulia. Mimi napandisha kote siku moja. Angalia na setting ya leseni, ukichagua Creative Commons umeshawaruhusu watu watumie mpaka kibiashara mradi wakutaje, usije ukalalamika baadaye. Na video ya unlisted sio siri, mwenye linki anaiona na linki inatumwa popote.

Ukimkuta mtu na video yako usianze kumtukana kwenye comment, atakublock na ushahidi uanze kukutoroka. Piga skrinshoti kwanza, tarehe na linki zionekane, ndio utume ombi la kuondolewa. Mitandao mikubwa ina fomu yake, nyingi zimetokana na sheria ya hakimiliki ya Marekani ya DMCA ya 1998, unaweka linki yako, linki yake, na dakika zilizochukuliwa. YouTube unaweza kuchagua apewe siku 7 aitoe mwenyewe bila straiki (adhabu ya hakimiliki inayowekwa kwenye chaneli), na kwa mtu mdogo asiyejua kitu mimi huwa nachagua hiyo. Straiki 3 ndani ya siku 90 chaneli yake iko hatarini kufungwa, sio jambo dogo. Ila jua akipinga rasmi unakuwa na siku 10 za kazi kuonyesha umechukua hatua ya kisheria, usipoonyesha video inarudi, kwa hiyo usitume ombi kwa hasira kwa mtu aliyechukua sekunde chache akakukosoa. Huyo mara nyingi sheria inamlinda. Yule anayebeba nzima halafu anaandika "credit kwa mwenyewe" hana ulinzi wowote, kukutaja sio kuomba ruhusa.

Kama video imewekwa kwenye tovuti isiyojibu, tafuta kampuni inayoihost umtumie huyo, na Google pia wana fomu ya kuiondoa kwenye matokeo ya utafutaji.

Wanaouza kozi ndio waweke nguvu zaidi: video icheze kwenye tovuti yako tu, na email ya aliyenunua iandikwe juu ya picha inapocheza. Ikivuja unajua imetoka kwa nani, unafunga akaunti hiyo moja, wengine wanaendelea na masomo.