Droo inanuka siki, leja hazieleweki: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya taasisi moja hapa Arusha. Tumerithi mikanda 412 ya maikrofilamu (filamu zenye picha ndogo ndogo za kurasa), mingi ya magazeti ya zamani, ipo kwenye makabati mawili ya chuma. Orodha yake imo kwenye leja tatu, na mwaka juzi kijana wa kujitolea aliihamishia kwenye Excel. Mwezi uliopita mwenzangu alipanga upya safu ya tarehe peke yake, safu nyingine zikabaki palepale. Sasa mkanda wa 1957 unasomeka wa 1971. Tena kuna droo moja ukiifungua inanuka siki. Mkuu wangu anataka tutengeneze kanzidata, lakini hatuna mtaalamu wa kompyuta. Tuanzie wapi?
Mkutubi, Sakina

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla ya kompyuta, hebu fungua leja ya kwanza uangalie kila mstari umeandikiwa nini: gazeti, au mkanda? Nadhani ni gazeti. Leja zetu nyingi ziliandikwa hivyo, na hasara huanzia hapo.

Nikusimulie niliyoyaona mwenyewe. Miaka ya tisini nilifanya kazi mahali fulani hapa Moshi, na leja yetu ilisema: gazeti fulani, 1958 hadi 1960, mikanda 2. Kila mtu alielewa kwamba mkanda wa kwanza ni nusu ya mwanzo na wa pili ni nusu ya mwisho. Kwa kuwa "limeshapigwa filamu", magazeti yenyewe yakauzwa kwa kilo Mbuyuni, yakafungiwa karanga. Siku nilipoiweka mikanda yote miwili mezani na kuisoma picha kwa picha, nikakuta yote inaishia ukurasa uleule wa Juni 1959. Ulikuwa mkanda mmoja na nakala yake. Mwaka mmoja na nusu wa gazeti lile haukuwepo popote. Na ule tuliokuwa tukiwapa wasomaji kila siku ndio uliokuwa negativu mama, yaani filamu ya kwanza kabisa iliyotoka kwenye kamera. Ulishakwaruzwa mistari mirefu kama mvua ya masika. Mpaka leo naumia.

Kwa hiyo kanzidata yenu ianze na mkanda. Kila mkanda ulio ndani ya boksi lake upewe namba yake, hata kama ni nakala ya mwingine, na namba hiyo isipewe mkanda mwingine hata huo wa kwanza ukiharibika kabisa. Programu ya LibreOffice Base ni ya bure na inawatosha. Tengenezeni majedwali matatu yanayounganishwa kwa namba. Hapo mtu akipanga tarehe, mstari mzima huhama pamoja.

La kwanza ni la machapisho: jina, mji, lugha. Hilo halitawachukua muda. La pili ni la mikanda, na ndilo lenye kazi: namba, chapisho lake, kabati na droo, toleo la kwanza na la mwisho mliloliona kwa macho kwenye filamu (msinakili maandishi ya juu ya boksi, maboksi hudanganya), na matoleo yaliyorukwa. Kisha kizazi: je, ni negativu mama, negativu ya kutolea nakala, au nakala ya wasomaji? Tarehe andikeni mwaka kwanza, 1959-06-30, zitajipanga vizuri.

La tatu ni la ukaguzi, na hapa wengi hukosea kwa kufuta hali ya zamani na kuandika mpya. Msifute. Kila mnapoukagua mkanda, ongezeni mstari: siku, nani kaukagua, kaona nini, kafanya nini. Baada ya miaka miwili mtausoma mkanda kama kadi ya kliniki ya mtoto.

Sasa hiyo siki. Ni asidi ya asetiki kweli. Filamu ya aseteti, iliyotumika sana kabla ya miaka ya 1980, ikikaa kwenye joto na unyevu huoza na kutoa asidi. Asidi hiyo huongeza kasi ya uozo, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Filamu ya polista haina ugonjwa huo. Kuzitofautisha hakuhitaji maabara: shika mkanda ukiwa umeviringwa, uelekeze dirishani, utazame kwa ubavu. Polista hupitisha mwanga, aseteti huonekana giza. Jibu liandike kwenye jedwali la pili. Vipo pia vikaratasi vya kupimia asidi hiyo, viitwavyo A-D, vilivyobuniwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani. Unakifungia kimoja ndani ya boksi siku nzima. Buluu ikigeuka kijani kuelekea njano, unasoma daraja, 0 hadi 3. Ukifika 1.5 uozo umeshashika kasi. Daraja hilo liende kwenye ukaguzi.

Hapo ndipo utakapoona faida. Iambie kanzidata: nipe mikanda ya aseteti, daraja 1 na zaidi, isiyo na nakala nyingine. Itakupa orodha fupi, na hiyo ndiyo ya kumpelekea mkuu wako anapoomba fedha za kunakili. Leja tatu zisingekupa orodha hiyo hata kwa wiki nzima.

Nakala ya kanzidata wekeni kwenye flashi mbili kila Ijumaa, moja ikae jengo jingine.

Ila kesho asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, toa mikanda ya droo ile uipeleke chumba kingine kikavu chenye hewa. Ukikuta imefungwa kwa raba, zitoe, maana salfa yake hula madini ya fedha yanayounda picha kwenye filamu. Namba 1 ya kanzidata yenu iwe ya mkanda wa kwanza utakaoutoa humo.