Priseti haigeuzi picha kuwa dhahania

SWALI: Nimeanza kupiga picha dhahania, yaani zisizolenga kuonyesha kitu kama kilivyo, kama burudani yangu ya muda wa mapumziko. Nilisoma kwamba niweke shata, lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, nusu sekunde kisha niisogeze kamera wakati iko wazi. Mchana picha inaungua, inatoka nyeupe tupu. Jioni napata ukungu wa mtikisiko ambao hata mimi mwenyewe sioni uzuri wake. Sasa kuna mwalimu wa mtandaoni anayeuza kifurushi cha priseti, yaani mipangilio ya kuhariri picha iliyoandaliwa tayari, anasema kinageuza picha yoyote kuwa dhahania. Ninunue? Au kamera yangu ndiyo mbovu?

JIBU: Usinunue. Na kamera yako ni nzima.

Huo weupe ni hesabu tu, tuumalize haraka. Kwenye jua kali, ukiwa na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) na tundu la lenzi la f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), picha hupata mwanga wa kutosha kwa takriban sekunde 1/125. Wewe umeiacha shata wazi nusu sekunde, kwa hiyo umeingiza mwanga karibu mara 64 ya unaohitajika. Kama tundu uliliacha kwenye f/5.6, zidisha hapo mara nane nyingine. Filta ya ND64, ile ya kijivu inayokata mwanga bila kubadili rangi, inaondoa ziada ya f/16 karibu yote. Kama huna, ingia kivulini, funga tundu hadi f/22 na uanze na 1/8 au 1/4 ya sekunde. Watu watakutisha kwamba f/22 inapunguza ukali. Ni kweli, mwanga hutawanyika kidogo ukipita kwenye tundu dogo, lakini kamera unaisogeza kwa makusudi. Ukali gani huo unaoulinda? Zima pia kidhibiti mtikisiko cha lenzi au cha kamera, maana kazi yake ni kupingana na mkono wako.

Huo ukungu wa jioni ndio unaonikera, na si kwa sababu yako. Karibu kila anayeniandikia kuhusu picha dhahania ameshalishwa imani kwamba picha ikipoteza umbo basi imekuwa dhahania, na kwamba kisichotambulika ni sanaa. Hapana. Picha iliyotikisika bila mpango ni picha iliyotikisika.

Tazama hiyohiyo mbinu unayoijaribu. Ukisimama mbele ya miti mirefu na kusogeza kamera juu-chini, yaani kufuata mashina, mashina yanabaki kuwa mistari na majani yanayeyuka. Ukisogeza kushoto-kulia umeyakata mashina yote na kupata uji wa kijani. Kwenye ufuo wa bahari ni kinyume chake: mstari wa maji umelala, basi na mkono ulale nao. Anza kusogeza kabla hujabonyeza na uendelee baada ya shata kufunga, la sivyo utaona kifundo mahali mkono uliposita. Na kabla ya yote hayo, jiulize ni kitu gani kitabaki: mstari gani, doa gani la rangi, giza lipi. Ukikosa jibu, usibonyeze. Nadhani hilo ndilo linalokukwamisha jioni, kwa sababu mwanga hafifu unazifanya rangi zikaribiane, na ukizichanganya kwa mwendo hakuna inayojitokeza. Tafuta kitu kimoja king'avu dhidi ya giza, hata dirisha lenye taa, uone tofauti.

Tena, sehemu kubwa ya picha dhahania haina ukungu hata chembe. Mpiga picha Paul Strand mwaka 1916, huko Connecticut, Marekani, alipiga mabakuli kwa karibu mno, na katika picha nyingine vivuli vya nguzo za baraza vikiangukia meza aliyoilaza ubavu. Kila kitu ni kikali. Mabakuli yanasahaulika kwa sababu fremu imeyakata na jicho linabaki na mapinde ya mwanga na kivuli. Mwaka uliofuata mpiga picha mwingine, Alvin Langdon Coburn, alifunga vioo vitatu kwa umbo la pembetatu mbele ya lenzi akapiga vipande vya fuwele na mbao. Mpiga picha Aaron Siskind baadaye alizipiga kuta zenye rangi inayobanduka na mabango yaliyochanika, kwa ukali unaoweza kuhesabu nyufa. Hakuna hata mmoja aliyesubiri kuipata picha yake baada ya kurudi nyumbani. Uamuzi ulifanyika pale walipokuwa wamesimama: niingize nini, nitoe nini, mwanga utoke upande gani.

Sasa linganisha na priseti. Priseti ni orodha ya mipangilio iliyohifadhiwa: ongeza utofauti wa mwanga na giza kiasi hiki, sukuma kijani kuelekea bluu, zamisha vivuli. Inaweza kukusaidia kuzipa picha kumi rangi za familia moja, na hata mimi ninazo zangu. Haiwezi kuhamisha mstari, haiwezi kuondoa tawi lililoingia pembeni, haijui kwamba ulipaswa kusogea hatua mbili kushoto. Kama huniamini, chukua picha yako moja, itoe rangi zote, ipunguze hadi ukubwa wa stempu, kisha igeuze juu chini. Kama bado jicho lina pa kuanzia na pa kwenda, una picha. Kama imebaki rangi ya kijivu iliyosambaa, hakuna kifurushi kitakachoifufua.

Na hawa wauzaji wameongezeka. Mmoja anauza priseti, mwingine programu ya kukoroga picha kwa kidole, wa tatu anauza kozi ambayo somo lake la kwanza ni "hakuna kanuni, kila kitu ni sanaa". Sentensi hiyo ya mwisho inawapendeza sana kwa sababu inamfunga mdomo mteja: ukilalamika kwamba hujajifunza kitu, utaambiwa hujafungua moyo. Wengine huwaambia wenye simu kwamba bila kamera ya bei mbaya hawawezi kitu. Uongo huo. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, kwa hiyo kuacha shata wazi mchana ni shida kweli, na nyingi huunganisha fremu kadhaa badala ya kuacha mwanga uingie mfululizo. Lakini kwa kuta, vivuli, mikunjo ya kitambaa, mafuta juu ya maji au mwanga unaopita kwenye glasi, simu inatosha kabisa.

Kabla ya kumlipa mwalimu yeyote wa fani hii, mwombe picha zake tatu pamoja na mafaili ya RAW, yaani mafaili ghafi kama yalivyotoka kwenye kamera, na kasi ya shata, tundu na ISO ya kila moja. Anayejua kazi yake atakuonyesha bila wasiwasi, pengine na zile zilizoharibika. Akianza kukueleza kwamba hiyo ni siri ya biashara, usimpe hata senti.