Nataka kutoka ila mfuko umekauka

SWALI: Dada, nimehamia mji mkubwa, wikiendi nashinda ndani na simu maana kila sehemu ya kujirusha ni hela. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, toka! Anza na makumbusho, mengi yana siku ya bure, British Museum ya London ndo kabisa mlangoni hulipi siku zote ukiacha maonyesho maalumu. Halafu feri, hiyo mi naipenda mno, panda jioni ukae nje kwenye upepo uangalie taa za maghorofa zinavyowaka moja moja, New York ile ya Staten Island ni bure tangu 1997 na Sanamu ya Uhuru unaiona vizuri tu. Maktaba nazo usizidharau. Ila beba maji yako, vitu vidogovidogo vya njiani ndo vinamaliza hela.